Filamu ya Zamani Isiyochuja: Kwa Nini Vijana Wetu Bado Wanamtazama Bruce Lee?

Ukipita jioni katika mitaa ya Igogo, Mabatini au Kirumba hapa Mwanza, si ajabu kuusikia mlio ule: sauti nyembamba na kali kama ya paka aliyekanyagwa mkia, kisha vishindo vya ngumi, kisha kelele za watoto wakishangilia. Huna haja ya kuchungulia ndani. Huyo ni Bruce Lee. Mtu huyu alifariki tarehe 20 Julai 1973 akiwa na umri wa miaka 32 tu. Watoto wanaomshangilia hawakuwa wamezaliwa, na wengi wao hata mama zao walikuwa hawajazaliwa.

Filamu yake inayojulikana kuliko zote ni Enter the Dragon. Ilitoka Marekani mwezi Agosti 1973, mwezi mmoja baada ya kifo chake, kwa hiyo yeye mwenyewe hakuona jinsi dunia ilivyoipokea. Iligharimu kama dola 850,000, fedha ndogo sana kwa filamu ya Kimarekani, ikarudisha mamilioni mengi. Mwaka 2004 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria hatukuhitaji kusubiri hadi mwaka huo. Tulikuwa tumekwisha kuihifadhi kwa njia yetu, kwa kuitazama hadi mkanda unakatika.

Najua akina mama wenzangu wengi wakisikia mlio ule hukunja uso. "Sinema za ngumi hizo," husema, na mkono huenda moja kwa moja kwenye kitufe cha kuzima. Siwalaumu. Kazi yangu ni uuguzi, na katika mji huu wenye majabali kila upande nimeshiriki kuwafunga hogo wavulana kadhaa walioruka kutoka juu ya jiwe wakidhani mguu ukinyooshwa hewani utamshikilia mtu huko huko hewani. Lakini filamu iliyodumu nusu karne haidumu kwa mateke peke yake. Filamu za mateke zimetengenezwa maelfu, na nyingi hakuna anayezikumbuka hata jina. Yafaa mzazi ajue ni nini kinachomshika mwanawe pale, kwa sababu ndani yake mna mambo mazuri ambayo hatuyasemi, na mna jambo moja zito ambalo sisi akina mama hasa inatupasa kulisema.

ILIVYOTUFIKIA

Wazee wetu waliziona filamu za Bruce Lee katika majumba ya sinema miaka ya 1970, pamoja na zile za Kihindi. Huko Dar es Salaam ndiyo miaka ambayo Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, alianza kufundisha vijana karate, na Wachina walikuwa wakijenga reli ya TAZARA. Kijana aliyetoka kwenye sinema aliweza kukutana na Mchina barabarani akadhani kila mmoja wao anajua kurusha teke.

Watu wa umri wangu tulimkuta mahali pengine. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu mwaka 1974, lakini huku bara kituo cha ITV kilianza mwaka 1994. Kabla ya hapo, na hata baada ya hapo kwa wasio na uwezo, kulikuwa na mabanda ya video: kuta za mabati au turubai, mabenchi ya mbao, deki moja, na jenereta inayonguruma nje. Filamu ilikuwa ya Kiingereza, nasi Kiingereza chetu kilikuwa cha darasani. Ndipo wakatokea watafsiri. Mtafsiri hupunguza sauti ya filamu, akashika kipaza sauti, akaanza kueleza: huyu ndiye steringi, yule mwenye kovu ndiye adui, tulieni sasa mwone. Huko Dar es Salaam Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alivuma kwa kazi hiyo, na mikanda yenye sauti za watafsiri ilisafiri hadi mbali. Mtafsiri mzuri hakutafsiri maneno tu. Alikufanya umjue mtu wa Hong Kong kama unavyomjua jirani yako.

Wasiokaa mwaloni huenda hawajui kwa nini kambi za wavuvi ndizo zilizokuwa na mabanda yaliyojaa kuliko mengine. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huvuta dagaa pale tu giza linapokuwa nene. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote huwa jeupe, taa haina kazi, na mitumbwi hukaa nchi kavu siku kadhaa. Vijana mamia, mbali na kwao, wana fedha kidogo mfukoni na hawana la kufanya. Katika mwanga huo wa mwezi mambo mawili huwasubiri, pombe na video. Kati ya hayo mawili, mimi ningemchagulia mwanangu video bila kufikiri mara mbili.

Siku hizi deki zimekwisha. Filamu ile ile inaingizwa kwenye memori kadi na kutazamwa katika simu, kila mtu na yake, wala hakuna mtafsiri wala mtu mzima wa kumuuliza swali. Nadhani hapo tumepoteza kitu.

KISA CHENYEWE

Kwa msomaji ambaye hajaiona, kisa ni hiki. Lee ni kijana aliyefundishwa katika hekalu la Shaolin. Serikali inamwomba aende kwenye mashindano ya kupigana yanayofanyika katika kisiwa cha tajiri mmoja aitwaye Han. Han naye alikuwa mwanafunzi wa hekalu lile lile, akaliaibisha. Nyuma ya mashindano anafanya biashara ya dawa za kulevya na ya wasichana wanaotekwa. Kisiwani hakuna bunduki, kwa hiyo kila kitu kitaamuliwa kwa mikono na miguu. Pamoja na Lee wanakwenda Wamarekani wawili, Roper ambaye ni Mzungu mcheza kamari, na Williams ambaye ni mtu mweusi. Mwishoni Lee na Han wanapambana katika chumba kilichojaa vioo, ambamo adui mmoja anaonekana ishirini na Lee hajui ampige yupi, hadi anapokumbuka maneno ya mwalimu wake na kuanza kuvivunja vioo.

Hiyo ndiyo hadithi yote, na mtoto wa miaka kumi anaweza kukusimulia bila kukosea. Nadhani hiyo ni sababu ya kwanza ya kudumu kwake. Ni hadithi ya bibi: kuna kisiwa, kuna zimwi mwenye mkono wa chuma, kuna kijana mdogo wa umbo aliyetumwa.

Na alikuwa mdogo kweli. Urefu wake haukuzidi sana sentimita 170, na uzito wake ulikuwa kilo sitini na kitu. Kijana wa kubeba magunia ya dagaa pale Mwaloni Kirumba ana mwili mkubwa kuliko huo. Kabla ya hapo, miaka ya 1966 na 1967, Wamarekani walimpa nafasi ya dereva na msaidizi wa steringi wa Kizungu katika mchezo wa televisheni. Alirudi Hong Kong alikolelewa, akatengeneza filamu zilizojaza majumba ya sinema, hadi Wamarekani wenyewe wakamfuata. Kijana anayeambiwa kila siku kwamba yeye si kitu huielewa habari hiyo bila kuelezwa.

Williams naye tusimpite. Aliigizwa na Jim Kelly, bingwa wa karate kwelikweli, aliyefariki mwaka 2013. Mwanzoni mwa filamu tunamwona akisumbuliwa na polisi Wazungu barabarani kwa sababu tu ni mweusi. Akifika Hong Kong, anawatazama maskini wanaoishi ndani ya mashua na kusema kuwa mitaa ya maskini ni ile ile popote duniani. Ukikaa Mabatini ukatazama nyumba zilivyopanda juu ya mawe, maneno hayo hayakupiti. Mimi huudhika kila mara kwamba Williams anauawa mapema, tena kwa kosa ambalo si lake. Waandishi wangeweza kumwacha hai.

Lakini kipande kinachochekesha watu wa ziwa kuliko vyote hakina hata ngumi moja. Wakiwa safarini kwenda kisiwani, ndani ya jahazi, mtu mmoja mkubwa mwenye majivuno anawaonea vijana wa chombo, kisha anamfuata Lee na kumwuliza mtindo wake wa kupigana ni upi. Lee anamjibu kuwa wake ni wa kupigana bila kupigana. Yule bwana anataka kuonyeshwa. Lee anamwambia hapa ni pembamba, tuchukue mashua ndogo twende ufukweni kule. Mjivuni anashuka kwenye mashua, Lee anabaki juu na kulegeza kamba, mashua inarudi nyuma na maji yanaanza kuingia. Halafu Lee anawapa kamba wale wale vijana walioonewa. Niliwahi kukitazama kipande hiki kwenye banda la mwalo mmoja, nikiwa katika kazi ya chanjo, na wavuvi walicheka hadi mwenye banda akarudisha nyuma mara tatu. Mvuvi anajua maana ya kukaa ndani ya chombo kisicho na kasia huku kamba imeshikwa na mtu uliyemtukana.

Kuna pia kipande cha mwalimu na mwanafunzi. Lee anamfundisha mtoto kupiga teke, na mtoto anapiga kwa hasira. Lee anamkataza, anamwambia hasira si kitu kimoja na moyo. Kisha anamwonyesha kidole kinachoelekezwa mwezini, na mtoto anapokodolea kidole anachapwa kofi dogo la kichwani kwa kuukosa mwezi. Wavulana huigiza kofi tu. Ukiwauliza lilikuwa la nini, watakujibu vizuri kuliko unavyotarajia.

MWILI NA MAUMIVU YAKE

Niruhusu hapa niseme kama muuguzi, maana juu ya mwili wa Bruce Lee yamesemwa mengi ya uongo.

Mwaka 1970 aliumia mgongo akinyanyua chuma, akaharibu mshipa wa fahamu sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Madaktari walimwambia asitarajie kupiga teke tena. Alilala miezi kadhaa, wakati mke wake Linda na watoto wawili wadogo wanahitaji kula. Akiwa kitandani alisoma na kuandika, na maandishi hayo yalitolewa kuwa kitabu mwaka 1975, baada ya kifo chake. Maumivu hayakumwacha hadi mwisho. Kwa hiyo kila teke unaloliona katika Enter the Dragon lilipigwa na mtu mwenye mgongo mbovu. Nikimweleza hivyo kijana aliyelazwa kwa kuvunjika mguu, anayetaka kutoroka wodini siku ya tatu, huwa anatulia kidogo.

Kifo chake nacho kimezungushiwa uvumi. Wengine husema alipigwa pigo la siri linaloua baada ya siku nyingi, wengine kwamba aliuawa kwa kuwafundisha wageni siri za Wachina. Ukweli ni wa kawaida zaidi. Mei 10, 1973, akirekodi sauti za filamu hii katika chumba chenye joto kali, alianguka na kupata degedege. Madaktari walikuta ubongo umevimba, wakampa mannitol, dawa ambayo muuguzi yeyote wa wodi anaifahamu, akapona. Julai 20 aliumwa kichwa akiwa nyumbani kwa mwigizaji mwenzake. Alipewa kidonge cha maumivu ambacho hakuandikiwa yeye, akalala, hakuamka. Ubongo ulikuwa umevimba tena. Uchunguzi wa mahakama ulisema ni kifo cha bahati mbaya, na wataalamu bado wanabishana juu ya chanzo cha uvimbe. Mimi nakitazama kile kidonge. Katika nyumba zetu kidonge cha baba hupewa mama, na cha mama hupewa mgeni, kwa sababu tu wote wanaumwa kichwa.

DADA YAKE

Sasa nifike kwenye lile zito.

Ukimwuliza kijana kwa nini Lee anakwenda kisiwani, atakuambia: kulipiza kisasi cha dada yake. Lakini ukimwuliza dada huyo anaitwa nani, wengi hawajui. Anaitwa Su Lin, na aliigizwa na Angela Mao, mwanamke mwenye ujuzi wa kupigana kama mwanamume yeyote. Mzee mmoja anamsimulia Lee mambo yalivyokuwa. Watu wa Han walifika mjini, wakamwona binti bandarini wakamtamani. Anakimbia kando ya maji, katika vichochoro, anapigana na mmoja baada ya mwingine na kuwaangusha. Lakini wao ni wengi. Anaingia katika ghala, wanamzingira, hana pa kutokea. Anaokota kipande cha kioo na kujiua kabla hawajamgusa.

Filamu nzima imesimama juu ya kipande hicho. Kikiondolewa, Lee hana sababu ya kukunja ngumi. Katika mabanda niliyokaa nilipokuwa msichana, hapo ndipo kelele zilipokuwa zinakoma.

Katika kanisa letu nilipewa kusaidia vijana siku za Jumamosi, na mwaka mmoja tulikubaliana akina mama na vijana tuitazame filamu hii pamoja, wavulana kwa wasichana, kisha tuzungumze. Mama mmoja mzee alipinga kwanza kwa sababu ya hekalu na sanamu zake. Tulimsikiliza, naye akakubali kukaa. Wavulana walizungumza kwa furaha juu ya vioo na jahazi. Kisha binti mmoja wa kidato cha pili, ambaye kila alfajiri humsaidia mama yake kununua dagaa mwaloni, akanyoosha mkono.

"Sista," akaniuliza, "kwa nini dada yake hakuachwa hai? Ina maana wangemkamata angekuwa hana faida tena?"

Chumba kilinyamaza. Yule mama mzee ndiye aliyejibu kabla yangu. "Hapana, mjukuu wangu," alisema. "Waliomtengeneza hivyo ni wanaume, na hawakumwuliza mama yake."

Sijapata jibu bora kuliko hilo, ila kama muuguzi naongeza langu. Filamu za zamani, za Kichina, za Kihindi na za Kizungu, zilipenda sana kumwonyesha msichana mwema akifa kuliko kuguswa, ili kaka yake apate sababu ya kupigana. Binti zetu wanayatazama hayo na kuyaweka moyoni. Mimi nimewapokea mabinti waliofanyiwa ukatili, wengine wakiwa wamekaa kimya siku nyingi kwa aibu ambayo haikuwa yao. Kila mama na kila kijana wa kiume ajue haya: binti huyo apelekwe kituo cha afya haraka, kabla ya kuoga au kufua nguo alizovaa. Dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Dawa ya kuzuia mimba ina nafasi ndani ya siku 5, nayo mapema ni bora. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Binti huyo anao maisha mbele yake, marefu.

Wavulana wale walikuwa wakisikiliza. Mmoja wao aliuliza kama angeweza kumsindikiza dada yake mwaloni alfajiri, kwa kuwa yeye huamka kwenda shule saa moja baadaye. Mama yake alikuwa amekaa safu ya nyuma, na hilo walilimaliza wao wenyewe nyumbani.

Kwa mzazi anayetaka kuitazama na wanawe, filamu inachukua kama dakika 100. Marekani iliwekwa katika kundi ambalo mtoto wa chini ya miaka 17 haruhusiwi kuingia bila mzazi, na hapa kwetu Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ilianza zamani kuweka mipaka ya filamu za kuonyeshwa hadharani. Habari ya Su Lin inakuja mapema, kabla ya safari ya kisiwani, nayo isitazamwe na mtoto mdogo. Usiku wa kwanza kisiwani wageni wanaletewa wasichana wachague, na hapo pia peleka mbele. Kipande cha mwisho cha vioo kina damu, ingawa si nyingi kama za filamu za siku hizi. Kile cha jahazi waachieni hata wadogo kabisa, na kama kuna mvuvi katika ukoo wenu mwiteni naye akae.